Kabla hujakagua simu ya binti

Mzazi mwenzangu wa Geita au Kahama, binti yako wa kidato cha nne anapishana kila siku na vijana wenye hela ya dhahabu mfukoni. Unamkagua simu? Zakaria naye alikuta barua ya mvulana, akampiga binti yake bila huruma.

Zakaria ni baba wa Rosa katika Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, mwenyeji wa Ukerewe, humuhumu ziwani kwetu. Ilitoka mwaka 1971, na kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni. Rosa anakua akiwaogopa wanaume kwa sababu ya fimbo tu. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kitu. Akifika mbali na nyumbani, fimbo haipo, na maelezo hana.

Nisikufiche: humo mna ulevi, ngono, utoaji mimba na kujiua. Aliye chini ya miaka 16 ningemsubirisha. Kisome wewe kwanza (baba, nakusema wewe hasa), kisha mpe. Akimaliza, muulize nani alikosea. Akimtaja Zakaria, usikasirike, mwache aendelee.