Safi au chafu? Kupaka rangi Garratt ya Afrika Mashariki

Swali la safari hii limetoka kwa mama mmoja aliyeko Leicester. Mwanawe wa miaka 14 amepata bodi ya injini ya Garratt, klasi ya 59, iliyochapwa kwa printa ya 3D kwa kipimo cha 1:87. Anataka kuipaka maruni ing'ae kama gari la bibi harusi. Babu yake wa Mombasa, aliyekuwa fayamani, yaani msimamizi wa moto kwenye injini za mvuke, alitumiwa picha ya rangi iliyochaguliwa, akacheka: "Hiyo haijawahi kwenda kazini." Kijana amenuna na bodi imerudi kwenye boksi. Mama anauliza: nani yuko sahihi?

Kwa wasioijua, klasi ya 59 ni wale majitu 34 waliotengenezwa na Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester, mwaka 1955 na 1956, kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki. Uzito wake ni kama tani 250, na hakuna injini ya mvuke ya reli ya mita moja iliyowahi kuzidi ukubwa huo. Garratt ina bwela katikati, limebebwa kati ya seti mbili za magurudumu, ndiyo maana mnyama wa karibu mita 32 aliweza kujikunja kwenye kona za kupandia bara. Kila moja ilipewa jina la mlima. Mbili zimebaki kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi: 5918, Mount Gelai, na 5930, Mount Shengena. Wapare mlioko ughaibuni, huo wa pili ni wenu.

Sasa jibu. Wote wawili wako sahihi, ila kila mmoja anaiona injini ya siku yake. Kijana ameona picha za 5918 ya makumbusho, iliyosuguliwa na kupakwa upya. Babu anaikumbuka ikirudi shedi baada ya kuvuta mizigo usiku kucha. Kwa hiyo kabla ya kufungua kopo la rangi, wakubaliane mwaka. Si jambo dogo, maana mwaka hubadilisha hata umbo. Tazameni dohani. Injini hizi zilitoka kiwandani na dohani ya mviringo, na baadaye zikafungwa ile bapa na nyembamba iliyobuniwa na Mwaustria Giesl, ya kuboresha uvutaji wa moshi. Ukipachika dohani bapa kwenye injini unayosema ni ya 1956, mzee yeyote wa reli atakushika hapo hapo. Mpigieni babu simu, mwulizeni dohani aliyoijua yeye ilikuwaje. Mazungumzo yataanzia hapo, na kununa kutaisha kwenyewe.

Kazi yenyewe huanzia kwenye sinki. Bodi ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki wa zamani, kisha ikauke kabisa. Mafuta ya vidole hufukuza rangi. Bodi za 3D huwa na mistari myembamba kama ya kanda mbili mpya. Isugueni taratibu kwa msasa laini wenye maji, lakini msiguse ribiti, zikifutika hazirudi. Vitu vidogo kama vishikio na mabomba ya pembeni vinatengenezwa vizuri zaidi kwa waya mwembamba wa shaba kuliko plastiki. Mkiwa karibu na Manchester, Makumbusho ya Sayansi na Viwanda ina Garratt ya Afrika Kusini, klasi ya GL namba 2352, kazi ya kiwanda kilekile. Si 59, na mabomba yake hayafanani yote, ila mtoto akisimama kando yake ataelewa ni bomba gani hutoka wapi kwenda wapi.

Rangi ya msingi iwe ya kijivu au kahawia yenye wekundu. Maruni juu ya nyeusi hufa, inaonekana nyeusi tu. Na kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ileile, kwa hiyo ongezeni tone la rangi nyepesi kwenye maruni yenu. Msilinganishe na picha ya kwenye simu. Filamu za zamani zimepauka na kila simu ina macho yake. Pulizeni tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene, nje au dirisha likiwa wazi, barakoa usoni, kamwe si jikoni. Wenzetu wa Muscat na Dubai wapulize alfajiri, kwani kwenye joto rangi hukauka kabla haijatua na kuacha vumbivumbi. Wa Uingereza wakwepe siku za unyevu, vanishi hugeuka maziwa.

Halafu stika za maji, zile za namba na herufi. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Stika ikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunasa chini yake na kuacha weupe kama wa samaki. Kwa hiyo pakeni kwanza vanishi ya kung'aa, hata kama mwisho mnataka injini iliyofifia. Kata stika karibu na herufi, itie kwenye maji ya vuguvugu kwa nusu dakika, iache iachie yenyewe kwenye karatasi, kisha iteleze mahali pake kwa brashi yenye maji. Sukuma maji nje kwa pamba ya masikio, kutoka katikati kwenda pembeni. Kuna dawa ya kulainisha stika ili ikae juu ya ribiti; ukiipaka stika itakunjamana kama ngozi ya maziwa. Usiiguse! Itajinyoosha ikikauka.

Wanaotaka kuchapa stika zao nyumbani wajue kwamba printa ya kawaida haina wino mweupe, na wino wa njano unapitisha mwanga. Herufi za njano zikichapwa kwenye karatasi ya stika inayoonyesha zitapotea kabisa juu ya maruni. Tumieni karatasi ya stika nyeupe, au agizeni zilizo tayari. Na msiandike herufi ambazo hamjaziona kwenye picha ya mwaka mliouchagua. Herufi ya sentimita 30 kwenye injini halisi huwa milimita tatu na nusu tu hapa, kwa hiyo kibanio na taa nzuri ni lazima.

Sasa uchafu wa babu. Tumieni rangi za unga, zile zinazopakwa kwa brashi kavu, kwa sababu kabla ya kufunikwa na vanishi zinafutika. Mpigieni babu kwa video, simu isimame mezani, kijana apake na mzee aelekeze. Atawaambia kwamba injini hizi zilichoma mafuta mazito, si makaa, kwa hiyo masizi hukaa juu, kuanzia dohani kurudi nyuma, na mafuta humwagika karibu na mdomo wa tangi. Vumbi jekundu la Voi na Tsavo hukaa chini, kwenye magurudumu na kingo za matangi. Michirizi myeupe ya chumvi ya maji hushuka kutoka kwenye vali za bwela. Akisema "punguza", punguzeni. Akianza kusimulia safari, acheni brashi mrekodi, rangi itasubiri.

Mkiridhika wote, pakeni vanishi isiyong'aa kwa mbali, tabaka jepesi. Vanishi hula kama nusu ya unga, hivyo uchafu uzidi kidogo mnavyotaka. Vioo vya kibanda cha dereva viwekwe mwisho kabisa, vanishi huvitia ukungu. Na reli ya kuisimamishia haina shida: kwa kipimo hiki reli ya mita moja ni milimita 12, na huuzwa tayari kwa wapenzi wa treni za Uswisi, ambako njia nyingi za milimani zina upana uleule wa ile ya Mombasa.