Kuimba Hufundishwa

Twasikia waalimu wengine wakimwambia kijana, "Wewe huna sauti, usirudi kwaya." Neno hilo twalikataa kabisa. Hakuna azaliwaye akijua kusoma. Wote hufundishwa herufi. Mbona basi asiyejua kuimba afukuzwe?

Na tumtazame John Curwen, mchungaji wa Uingereza. Yeye hakuwa hodari wa muziki. Mwaka 1841 aliombwa atafute njia nyepesi ya kufundisha kuimba katika shule za Jumapili. Akaitwaa njia ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akaitengeneza, akaieneza. Ndiyo hiyo solfa, do, re, mi, iliyomo katika vitabu vya kwaya zetu hata leo. Haikuenezwa kwa ajili ya wenye kipawa, bali kwa ajili ya watu kama yeye.

Hatukatai ya kuwa wengine huzaliwa na sikio jepesi. Lakini sikio zito nalo hufundishika: imba do na so polepole, msikilize mwenzio, kesho urudie. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi, mwalimu, kabla hujanena kwamba mwanafunzi hana sauti, jiulize: Je, nimemfundisha siku ngapi?