Nukta za Kubuni
Muuzaji akikuambia king'amuzi chake kinageuza kila chaneli kuwa HD, muulize nukta za ziada zinatoka wapi. Picha ya kawaida ya PAL ina mistari 576 yenye nukta 720 kila mmoja, yaani 414,720. Skrini ya HD kamili inadai 2,073,600. Kwa hiyo takriban nne katika kila tano ni za kubuni: kifaa hutazama rangi za nukta jirani, kikakisia ya katikati. Kazi hiyo hata runinga inaiweza, tena mara nyingi hukishinda king'amuzi cha bei poa. Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, weka 576 badala ya 1080, uone namba za jezi zinasomekaje. Ila tafadhali, picha ya 4:3 usiivute ijaze skrini. Watangazaji wa habari hawajanenepa.