Mteremko kwanza, saruji baadaye
Makala yako ya kusakafia uani ni nzuri, ila umeruka jambo moja: maji yataelekea wapi? Mwaka juzi nilisakafia uani mwenyewe, nikajiona fundi. Mvua ya kwanza tu, maji yote yakaingia jikoni. Mama watoto anayachota kwa sahani ya plastiki, ananitazama, hasemi kitu. Safari hii nilifunga uzi kwenye vigingi, nikashusha sentimita 2 kila mita kuelekea mtaroni. Huna pimamaji? Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukiujaza maji, unatosha. Na zege likishashika, lifunike kwa magunia na ulimwagilie asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukiliachia jua, litapasuka na utarudi dukani kununua saruji.