Kenya: Ajali ya siku moja, ada ya bima ya miaka mitatu

Mwenye gari nchini Kenya anayegongana na mwenzake katika msongamano wa jioni wa Barabara ya Thika huwa na maswali mawili ya haraka: nani mwenye kosa, na fundi atataka shilingi ngapi. Swali la tatu humjia miezi kadhaa baadaye, siku wakala wa bima anapomletea hesabu ya mwaka unaofuata. Gari ni lile lile, limezeeka kwa mwaka mmoja na thamani yake imeshuka, lakini ada imepanda. Hapo ndipo wengi huamua kuhama kampuni.

Kuhama ni haki yake. Bima ya gari kwa kawaida ni mkataba wa mwaka mmoja, na unapomalizika hakuna sheria inayomfunga mteja kwa kampuni aliyokuwa nayo. Hata hivyo, kuhama hakufuti ajali. Tena katika soko la Kenya, ambako kampuni za bima zimekuwa zikianguka moja baada ya nyingine, anayekimbia ada kubwa anaweza kuangukia mikononi mwa kampuni ambayo haitakuwa na kitu siku atakapoihitaji.

Hesabu huanzia kwenye gari

Bima kubwa, ile inayofidia pia gari la mwenye bima, hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Bima ndogo, ambayo huwalinda watu wengine pekee na ambayo sheria inamlazimu kila mwenye gari kuwa nayo, hutozwa kiasi maalumu. Juu ya ada huongezwa tozo ya mafunzo ya bima ya asilimia 0.2, mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima wa asilimia 0.25, na ushuru wa stempu wa shilingi 40 za Kenya. Ada hiyo haitozwi kodi ya ongezeko la thamani, jambo ambalo Mtanzania anayeongezewa asilimia 18 atalitazama kwa wivu kidogo.

Utaratibu huu hupima gari zaidi ya unavyompima dereva. Historia ya dereva huingia kwa milango miwili tu. Wa kwanza ni punguzo la kutodai, ambalo kwa kampuni zinazolitoa hukua kila mwaka unaopita bila madai. Wa pili ni nyongeza ya ada, au masharti magumu zaidi, kwa mteja aliyedai. Kampuni hazilingani: moja itasamehe dai dogo la mteja wa siku nyingi, nyingine itampandishia ada mara moja, na ya tatu itampandishia kiasi cha kwanza cha hasara anachopaswa kubeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa senti.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha uzito wa jambo hili. Tuseme gari lina thamani ya shilingi milioni moja za Kenya na kiwango cha ada ni asilimia 4. Ada kamili ni shilingi 40,000. Mteja ameendesha bila madai na alikuwa afikie punguzo la asilimia 20 mwaka unaofuata, kisha 30, kisha 40. Sasa amegonga nguzo, na fundi anataka shilingi 60,000. Kiasi anachobeba mwenyewe ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, yaani 25,000, hivyo kampuni itamlipa 35,000. Akidai, punguzo lake hurudi sifuri: mwaka wa kwanza atalipa 40,000 badala ya 32,000, wa pili 36,000 badala ya 28,000, na wa tatu 32,000 badala ya 24,000. Katika miaka hiyo mitatu amepoteza shilingi 24,000 ili alipwe 35,000. Faida iliyobaki ni shilingi 11,000, kabla ya kuhesabu siku alizotembea bila gari akisubiri mkaguzi wa bima.

Hesabu ya namna hii ndiyo huwafanya madereva wengi wa Nairobi na Mombasa wamalizane kando ya barabara. Pesa hutolewa, mikono hupeanwa, kila mtu huenda zake. Kwa mkwaruzo wa bampa ni busara. Kwa ajali iliyomgusa mwanadamu ni hatari, kwa sababu aliyesema hajaumia anaweza kuamka na maumivu wiki ya pili, na mwezi wa tatu barua ya wakili ikafika. Kampuni iliyofichwa ajali wakati huo wote itakuwa na hoja nzuri ya kukataa dai, kwani karibu kila mkataba humtaka mteja aripoti ajali mara inapotokea, hata kama hana nia ya kudai.

Asiye na kosa naye huumia

Lalamiko la kawaida zaidi hutoka kwa dereva aliyegongwa akiwa amesimama. Kampuni yake hulitengeneza gari, kisha huenda kumdai aliyegonga au kampuni yake. Pesa zikirudi, kampuni makini huliondoa dai hilo katika hesabu ya punguzo. Zisiporudi, dai hubaki katika jina la mteja, na ada hupanda kwa kosa lisilo lake.

Kenya imejaribu kulegeza fundo hili kupitia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mwenye gari anaweza kudai hapo gharama za matengenezo moja kwa moja kutoka kwa aliyemgonga, bila kugusa bima yake mwenyewe. Ni njia isiyotumiwa na kila mtu, pengine kwa sababu jina la mahakama huwatisha watu kabla hawajafika mlangoni.

Kuhama kuna masharti yake

Kwa anayeamua kuhama, wakati mzuri ni siku mkataba unapokwisha. Anayevunja mkataba katikati ya mwaka harudishiwi ada kwa uwiano kamili wa miezi iliyobaki. Kampuni hukata sehemu kubwa zaidi, na kwa kawaida aliyekwisha kudai mwaka huo harudishiwi chochote. Pia vyeti vya bima ya magari nchini Kenya sasa hutolewa kwa njia ya kidijitali, kupitia mfumo ulioanzishwa na Chama cha Kampuni za Bima, AKI. Mfumo huo hukagua iwapo gari tayari lina cheti hai kwa kipindi kile kile. Kwa hiyo cha zamani hakina budi kufutwa kwanza, na gari lisibaki hata siku moja barabarani bila kinga.

Sharti zito zaidi limo katika fomu ya maombi. Kampuni mpya huuliza: je, mwombaji amepata ajali katika miaka ya karibuni? Je, kuna kampuni iliyomkataa, iliyomwongezea ada au iliyokataa kumpa mkataba mpya? Wapo wanaojaza “hapana” kwa kudhani kwamba ajali ilibaki kule walikotoka, na wapo mawakala wanaowajazia hivyo ili bei ionekane nzuri. Bima hujengwa juu ya ukweli kamili wa mwombaji. Kampuni ikigundua kuwa ilifichwa jambo ambalo lingebadili uamuzi wake, inaweza kukataa kulipa matengenezo ya gari. Kugundua nako kumekuwa rahisi kuliko zamani, kwa kuwa taarifa za magari na madai zinazidi kuhifadhiwa katika mifumo ya pamoja badala ya mafaili ya kila ofisi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye magari wachache hulifahamu. Sheria ya Kenya ya bima ya magari dhidi ya hasara za watu wengine, Sura ya 405, huitaka kampuni ilipe hukumu aliyopewa mtu aliyejeruhiwa. Kifungu cha 10 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu kampuni kwenda mahakamani, ndani ya muda maalumu, kuomba tamko kwamba mkataba ulipatikana kwa kuficha ukweli. Ikishinda, mzigo wa fidia humrudia mwenye gari. Aliyeficha ajali ya bampa ili aokoe shilingi elfu kadhaa anaweza kujikuta akidaiwa mamilioni na familia ya mtembea kwa miguu. Hata kwa asiyeficha kitu, wajibu wa kampuni una ukomo wa shilingi milioni tatu kwa kila mwathirika. Kinachozidi hapo ni deni la mwenye gari.

Bei nafuu na kampuni zinazoanguka

Mamlaka ya Kudhibiti Bima ya Kenya, IRA, haipangi bei moja kwa soko zima. Kampuni nyingi hugombea wateja wale wale, na mteja aliyepandishiwa ada baada ya ajali ndiye anayeandamwa zaidi na ofa za bei ya chini. Tatizo ni kwamba bima ya magari imekuwa ikizipa kampuni za Kenya hasara kwa miaka mingi: madai na gharama huzidi ada zinazokusanywa. Kampuni inayomchukua mteja mwenye historia mbaya kwa bei ya chini kuliko ya wengine imeona kitu ambacho wengine hawakukiona, au inahitaji pesa taslimu kwa haraka. Historia ya soko hilo inaelekeza zaidi kwenye sababu ya pili.

United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011 na Concord mwaka 2013. Baada ya kimya cha miaka kadhaa zikafuata Resolution mwaka 2022 na Xplico mwaka 2023, na mwaka 2024 Invesco ikaingia katika ufilisi. Kadhaa kati yake zilikuwa na wateja wengi wenye matatu, biashara ambayo kampuni kubwa huikwepa kwa sababu ya wingi wa ajali.

Kampuni inapoanguka, malipo ya madai husimama. Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ule unaochangiwa asilimia 0.25 ya kila ada, umekuwa ukilipa hadi shilingi 250,000 kwa dai. Kiasi hicho chaweza kutosha kwa bampa na taa, lakini hakitoshi kwa mguu uliovunjika na kesi ya miaka minne. Majeruhi mwenye hukumu mkononi humgeukia mmiliki wa gari, na hapo dalali wa mnada huweza kubisha hodi kwa mtu aliyelipa ada yake kila mwaka bila kukosa.

Kinachovuka mpaka

Tanzania ina njia tofauti kwa sehemu. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, huweka viwango vya chini ambavyo kampuni haziruhusiwi kwenda chini yake, na hivyo mbio za kushusha bei zina sakafu. Hilo humpunguzia mteja nafasi ya kupata nafuu, lakini pia humpunguzia uwezekano wa kuuziwa bima na kampuni inayojichimbia kaburi.

Ajali nayo haisimami Namanga. Lori la Arusha linaloingia Kenya hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ambao Tanzania inashiriki ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo. Likimgonga mtu Kajiado, fidia kwa aliyeumia hupimwa kwa sheria ya Kenya, lakini deni hurudi kwa kampuni ya bima iliyotoa kadi nyumbani. Mwaka unaofuata mwenye lori atajaza fomu Arusha, na ajali ya Kajiado itabidi iandikwe humo kama vile ilitokea Usa River. Kadi hiyo pia haifidii uharibifu wa gari lililoibeba: lori lenyewe, likilala mtaroni upande wa pili wa mpaka, litalipwa tu iwapo mmiliki aliomba mapema bima yake kubwa ivuke mpaka pamoja nalo.