Kabla ya Kuuza Shamba, Uliza Kazi Inafundishwa Wapi

Ndugu msomaji, juma lililopita nilikwenda Sanje kumjulia hali dada yangu mkubwa. Aliyewahi kusafiri kutoka Mikumi kwenda Ifakara anapafahamu mahali hapo. Ukishapita Kidatu, milima ya Udzungwa inakusimamia upande wa kulia, na mashamba ya miwa yanakusindikiza njia nzima.

Nilimkuta dada hana raha. Binti yake amemaliza kidato cha sita, amefaulu masomo ya sayansi, na amekubaliwa na chuo kikuu kimoja cha binafsi mjini. Tangazo la chuo hicho linasema kuwa wanafunzi husoma na kufanya kazi za taaluma yao kwa pamoja. Karo ni kubwa. Mnunuzi amekwisha kuja kuziangalia eka tatu za miwa, ambazo ndizo zilizowalea watoto wote wa nyumba ile.

“Mdogo wangu,” akaniambia, “wewe umekaa mjini na watu waliosoma. Niuze, nisiuze?”

Ndugu msomaji, swali hilo linaulizwa katika nyumba nyingi, nami naona vema tulijadili pamoja.

Kwanza, wazo la kuchanganya masomo na kazi si geni kwetu. Mwalimu Nyerere alilieleza mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Novemba 1974, Azimio la Musoma liliagiza kwamba kijana amalizapo kidato cha sita afanye kazi kwanza, ndipo aende chuo kikuu, tena kwa kupendekezwa na wale waliomwona akifanya kazi. Utaratibu huo ulikuwa na faida, maana mwanafunzi alifika chuoni akiwa mtu mzima anayejua shida za watu. Ulikuwa na kasoro pia. Idadi ya wasichana ilipungua, ikabidi baada ya muda mfupi waondolewe sharti hilo. Leo utaratibu wenyewe haupo tena, lakini hoja yake ingali hai.

Pili, si lazima twende mbali kutafuta mfano. Ifakara, mji ulio jirani na Sanje, mwaka 2010 kilianzishwa chuo kikuu kishiriki cha afya cha Mtakatifu Francis, chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Chuo hicho si cha serikali, nacho kiko pamoja na hospitali ya Mtakatifu Francis. Mjini Dar es Salaam, chuo kikuu kilichoanzishwa na marehemu Profesa Hubert Kairuki mwaka 1997 kilizaliwa ubavuni mwa hospitali yake ya Mikocheni. Katika vyuo vya namna hiyo darasa na wodi ni majirani. Mwanafunzi wa udaktari husoma miaka mitano, na akishahitimu hutumikia mwaka mmoja wa utarajali hospitalini kabla ya kuaminiwa peke yake. Hapo kazi si pambo la tangazo. Ni sehemu ya elimu yenyewe.

Sanje yenyewe ina kisa kinachotufundisha. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Homewood na Rodgers, walisikia katika msitu ulio juu ya kijiji mlio wa kima wasiyemfahamu. Wenyeji walimfahamu, tena walikuwa na jina lake, na mtoto mmoja wa kima huyo alikuwa akifugwa kijijini. Mwaka 1981 wataalamu hao walichapisha habari zake, na leo dunia inamwita kwa jina la kijiji, Sanje mangabey. Vitabuni hakuwamo, na wanakijiji walikuwa wakimwona miaka yote. Elimu ilipotoka nje na kumsikiliza mtu wa kazi, ndipo ilipoongezeka.

Basi nilimshauri dada hivi, nami nawashauri wazazi wenzangu. Kabla hujagusa shamba, uliza mambo manne. Je, chuo kinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Je, kazi hiyo inafanywa mahali gani, hospitali ipi au kiwanda kipi? Nani anamsimamia mwanafunzi huko? Na kazi hiyo inahesabiwa katika alama zake, au ni barua tu ya kupigwa muhuri? Kumwagiza kijana chai na fotokopi kwa miezi miwili si kumfundisha taaluma.

Tena, omba mkopo kwanza. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huwafikiria hata wanafunzi wa vyuo vya binafsi. Huenda usipatikane wote, wala mkopo si zawadi, kwa sababu hulipwa. Lakini mwenye deni na shamba ana pa kushika. Aliyeuza shamba hana pa kurudi, mtoto akifaulu au asifaulu.

Dada alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Nikichelewa, mnunuzi ataondoka.” Nikamjibu kwamba mnunuzi wa shamba zuri hakosekani, ila shamba lililokwisha kuuzwa halirudi kwa kulia.

Binti alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Nilidhani nimemvunja moyo. Akasema, “Mjomba, nitawaandikia mimi mwenyewe. Wakishindwa kuniambia nitafanya kazi wapi, nitajua kuwa hata wao hawajui.”

Jioni ile ile aliandika barua. Mnunuzi ameambiwa asubiri, na miwa ingali imesimama. Wazazi wenzangu, kumsomesha mtoto ni wajibu wetu. Lakini mtoto aliyekwisha kujifunza kuuliza namna ile amekwisha kuianza elimu yake, hata kabla ya kufika chuoni.