Mwacheni Mtoto na Kifaru Chake

Mwalimu mmoja wa sekondari alinijia nyumbani, hapa Mpemba, Tunduma. Aliketi, akanywa chai, kisha akaniambia kwa heshima zote kwamba mjukuu wangu anapotea.

"Mzee, kijana ana akili, lakini anacheza. Mwambie aache lile lidude asome."

Sikumjibu. Nilimshika mkono nikampeleka uani, na wewe msomaji fuatana nasi.

Chini ya mparachichi pamekaa kifaru cha kivita. Ni mfano wa kile cha Kichina, Type 59, ambacho jeshi letu lilikuwa nacho katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kifaru halisi kina mwili wa mita 6 na upana wa mita 3.27. Kijana amegawa kila kipimo kwa 6, akapata mita 1 na sentimita 54 na nusu. Mnara ni beseni la bati lililofunikwa, mtutu ni kipande cha bomba la maji, na magurudumu, matano kila upande kama kwenye kile halisi, ni makopo yaliyokatwa. Fedha hakutumia nyingi. Mji huu ni wa malori. Yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Nakonde, gereji zetu hazikosi vyuma vya kutupwa.

Kifaru cha kwanza kilikuwa kibovu, na ninataka kusema hivyo wazi. Minyororo yake ilikuwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na kila kilipokata kona mpira ulichomoka. Kifaru hakigeuzi magurudumu kama gari. Hupunguza au huzuia mnyororo wa upande mmoja huku wa pili ukiendelea, hivyo minyororo huburuzwa kwa ubavu ardhini. Kijana hakuyasoma hayo mahali. Aliyaona akiwa amepiga magoti vumbini. Akafunga minyororo ya baiskeli, miwili kila upande, akaiunganisha kwa vibao. Nayo ikalegea. Akarefusha tundu la ekseli ya gurudumu la mbele ili aweze kulivuta na kulikaza kwa nati, na hivyo ndivyo mafundi wa jeshi wanavyokaza minyororo yao. Mota ni mbili za waipa za lori, za volti 24, naye ana betri ya pikipiki ya volti 12. Nilimwambia zitakwenda polepole. "Ndivyo ninavyotaka, babu," akanijibu.

Siku moja nilimtega. Kifaru halisi kina tani 36. Je, chako kingejengwa kwa chuma kilekile kingekuwa na uzito gani? Akagawa kwa 6, akasema tani 6, kisha akacheka mwenyewe. Kitu cha mita moja! Baada ya siku mbili akanirudia: urefu, upana na kimo vyote vimegawanywa kwa 6, basi uzito unagawanywa kwa 216. Kilo 167 hivi. Nimefundisha mchemraba kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kumwona mwanafunzi akikosa usingizi kwa ajili yake.

Nilipomweleza mgeni wangu hayo, alisema, "Lakini mzee, hili haliko kwenye mtihani."

Sikumlaumu sana, maana watu kama yeye tuliwatengeneza sisi. Nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Wanachuo wetu walipokwenda mazoezi ya kufundisha walichora zana zao kwenye manila usiku, wakazionesha asubuhi, tukazipa alama, zikatupwa. Sikuwahi kumwambia mwanachuo: zana yako imeshindwa hapa, nenda katengeneze ya pili, nitarudi wiki ijayo. Tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967, na shule nyingi tukaigeuza kuwa jembe na shamba la mwalimu. Tangu Januari 2024 kuna mtaala mpya wenye mkondo wa amali. Ninauunga mkono. Lakini mwalimu atakayefundisha amali kwa kunakilisha ubaoni "hatua sita za kutengeneza kiti" atakuwa amekausha wino tu.

Wapo pia wenye sifa za haraka, nao siwapendi zaidi. Hao wanataka kifaru kipakwe rangi kiwekwe kwenye meza ya maonesho wageni wapige picha. Kikishapakwa rangi, nani atathubutu kukifungua tena? Kwangu kifaru cha tatu ambacho hakijakamilika kina thamani kuliko cha kwanza chenye cheti.

Jirani mmoja aliniuliza kwa nini si trekta. Swali la haki. Vita vya Kagera nilivishuhudia vikichukua vijana wa rika langu. Lakini minyororo hii ilianzia shambani. Ilivuta matrekta kule Marekani kabla Waingereza hawajapeleka vifaru vya kwanza vitani, huko Somme, Ufaransa, Septemba 1916. Leo hii inatembeza katapila. Anayejua kuukaza mnyororo wa kifaru ataukaza wa katapila.

Na nina deni. Mwaka 1979, askari wetu waliporudi, watoto kila mahali walitengeneza vifaru vya waya na udongo. Mvulana mmoja aliingia na chake darasani kwangu. Kilikuwa na mnara wa kiberiti uliozunguka kweli. Kilitembea juu ya dawati wakati nikifundisha, nami nikakikanyaga. Somo la siku ile lilikuwa uwiano.

Mgeni wangu aliondoka hajakubali. Amesema jambo hili atalipeleka kwenye kikao cha wazazi, na mimi nitakuwepo. Kikao ni Ijumaa. Nimeshakodi guta la kukibeba kifaru.